Kuchimba dawa: miaka mitano ya vidonge vya presha barabarani

Presha yangu iligunduliwa siku niliyokwenda kutoa damu. Shemeji yangu alikuwa anafanyiwa upasuaji wa uzazi, ndugu tukaambiwa tujitokeze, na mimi nikatangulia kifua mbele: kilo 92, sijawahi kulazwa hata siku moja. Nesi akanifunga kitambaa mkononi, mashine ikajaza upepo, akaangalia namba, akahamia mkono wa pili. 172/104.

"Baba, damu yako leo hatuchukui," akasema. "Na usiondoke kwanza, ukamwone daktari."

Sikuwa naumwa popote. Kichwa hakigongi, macho yanaona hadi kibao cha mbali. Nikaamua moyoni kwamba mashine yao mbovu. Nikarudi siku mbili tofauti kupimwa tena, ikatoka 168/102, halafu 170/100. Mashine haikuwa mbovu. Nilikuwa na miaka 46, miaka 19 kati ya hiyo nimeimaliza kwenye usukani wa semi, Dar hadi Tunduma, na mzigo ukiwa wa kuvuka, hadi Lubumbashi.

Daktari aliyenipokea, kijana mpole, aliniandikia kidonge kidogo kimoja cha kila asubuhi, haidroklorothiazaidi ya miligramu 25. Akanieleza kwamba dawa hiyo inafanya figo zitoe chumvi na maji ya ziada, nguvu ya damu kwenye mishipa ipungue. Akanionya kuhusu chumvi ya mezani na nyama choma yangu. Mwishoni akauliza, "Kazi yako?"

Nikamwambia biashara ndogondogo.

Sababu ilikuwa tajiri wangu. Nilimwona kichwani akisikia kwamba dereva wake ana presha, akihesabu thamani ya gari na mzigo, kisha funguo zangu zikihamia kwa kijana mwingine. Kwa hiyo daktari yule alimwandikia dawa mfanyabiashara mwenye choo hatua kumi kutoka dukani kwake. Dawa hiyo akapewa mtu anayevuta tani 30.

Safari ya kwanza nilimeza saa kumi na moja alfajiri, nikitoka Mlandizi. Foleni ya mizani Vigwaza nikashuka mara moja. Chalinze mara moja. Mizani ya Mikese nilishuka mara mbili, utingo wangu akaanza kunitazama kwa jicho la pembeni. Kwenye basi abiria wakiomba kuchimba dawa, dereva anasimama dakika tano watu wanaingia kichakani. Mimi sasa nilikuwa nachimba dawa kwa sababu ya dawa, na sina wa kumwomba asimame. Nilipofika geti la Mikumi ilikuwa saa tano asubuhi, wakati kidonge kile, kama nilivyokuja kujua baadaye, kiko kwenye kilele cha kazi yake. Barabara inakatiza hifadhi ile kwa kilomita 50, mwendo umewekewa kikomo, na kushuka hairuhusiwi. Hata kama ingeruhusiwa, nyati hana utani. Nilibana hadi jasho likanitoka kwenye kope. Katikati ya hifadhi nikamwambia utingo, "Nipe hiyo chupa ya maji, mwaga yaliyomo, na uangalie upande wako." Mtu wa miaka 46.

Jioni ile, tukiwa tumepaki Ilula, niliamua kwamba zile zitakuwa dawa za nyumbani. Nikiwa nyumbani nitakunywa, nikiwa safari zitabaki kwenye kabati. Safari yangu moja siku tisa hadi kumi na nne, nyumbani siku tatu. Piga hesabu mwenyewe.

Kuna jambo jingine lililonisukuma, ambalo kijiweni wanaume hatulisemi. Zile siku chache nilizokunywa vizuri niliona chumbani mambo hayaendi kama zamani. Nikakitwika kidonge mzigo wote. Nilipokuja kupata ujasiri wa kuuliza, niliambiwa kwamba baadhi ya dawa za presha kweli zinaweza kuchangia, na hiyo yangu ni mojawapo, lakini presha isiyotibiwa nayo inaharibu mishipa ileile, tena haikurudishii. Dawa inaweza kubadilishwa ukisema. Ila useme.

Sikusema. Kila nilipokwenda kliniki ya presha na sukari, namba zilikuwa juu. "Dawa unakunywa vizuri?" "Vizuri kabisa, dokta." Wakaniongezea amlodipini ya miligramu 5. Miezi mitatu baadaye bado niko juu, wakaipandisha kuwa 10. Kadi yangu ikawa inasoma kama ya mgonjwa sugu ambaye presha yake imeshindikana, kumbe vidonge viko Mlandizi na mgonjwa yuko Tunduma.

Kisha giaboksi ikafa. Gari likakaa gereji wiki tatu, nami nikakaa nyumbani. Mke wangu, ambaye alikuwa amechoka kuona paketi zimejaa, akashika usimamizi. Kila asubuhi chai, mkate na vidonge vyote viwili juu ya kisosi, na hasogei mpaka aone nimemeza. Siku ya kumi na mbili nilitoka kuoga, nikainama kuchukua kandambili, nikaona mlango unakwenda pembeni. Nilizinduka nikiwa nimelala kwenye sakafu ya sementi, nyusi imepasuka, mke wangu anaita majirani.

Hospitali presha ilikuwa 94/58. Daktari wa zamu, mama wa makamo, aliisoma kadi yangu taratibu kuanzia ukurasa wa kwanza. Akauliza, "Dawa hizi umeanza kuzinywa lini?"

"Mwaka mmoja na nusu, dokta."

"Hapana. Nakuuliza umeanza kuzinywa lini."

Mke wangu akatazama ukutani. Nikajibu, "Wiki mbili."

Akaweka kalamu chini. Alinifafanulia bila kunifokea, na maelezo yale nayakumbuka hadi leo: kila dozi iliyoongezwa kwenye kadi ile ilikuwa inamtibu mtu ambaye hajala dawa. Sasa yule mtu ameanza kuzila zote kwa mkupuo, presha imeporomoka. "Ungekuwa uko juu ya ngazi ungekufa," akasema. Ndipo nikamwambia kwamba mimi ni dereva wa semi. Alinyamaza kidogo. Nadhani alikuwa anafikiria Kitonga, ule mlima wa kona kali njia ya Iringa.

Alinitoa kwenye dawa ya kukojosha akaniacha na amlodipini peke yake. Lakini alikataa kuitukana ile ya kwanza. Alisema kwa watu weusi wa Afrika amlodipini ikioanishwa na dawa ya kukojosha inafanya kazi nzuri sana, na kwamba kuna utafiti uliotoka mwaka 2019, uliofanyika nchi sita za Afrika, Kenya na Uganda zikiwemo, ulioonyesha hivyo. Kijana yule hakukosea. Alidanganywa. Angejua kazi yangu angepanga vingine.

Ningependa kusema tangu hapo mambo yakanyooka. Ndiyo kwanza safari ilikuwa inaanza.

Amlodipini inalegeza kuta za mishipa ya damu. Kwa miligramu 10, baada ya mwezi hivi, miguu yangu ilianza kuvimba kuanzia vifundoni. Jioni nikivua soksi alama ya lastiki inabaki kama mfereji, buti haziingii, nikawa naendesha na kandambili, jambo ambalo trafiki hawalipendi na mimi pia silipendi. Mtu akiona miguu imevimba akili inakimbilia figo. Kwenye duka moja la dawa njiani nikamweleza muuzaji, hakuuliza natumia nini, akanipa furosemidi. "Hii inatoa maji yote."

Ilitoa, lakini si ya miguuni. Wiki ya pili, napandisha Kitonga, nimekamata gia ndogo, mguu wa kushoto umekanyaga klachi, kigimbi kikajikaza kama kamba ya turubai. Sikuweza kuuachia mguu wala kuukandamiza. Nyuma yangu basi linapiga honi. Utingo aliinama chini ya usukani akanikanda kigimbi kwa mikono yote miwili huku mimi nimeshika breki na kusoma dua. Tulipofika juu tukapaki, tukakaa kimya hadi mikono iache kutetemeka.

Kipimo cha damu kilionyesha potasiamu, madini ambayo misuli inayahitaji ili ifanye kazi vizuri, iko 2.9, wakati karatasi yenyewe inasema isishuke chini ya 3.5. Furosemidi ilikuwa imeikojoa. Yule mama daktari akanieleza kwamba uvimbe wa amlodipini hautokani na maji kuzidi mwilini. Mishipa midogo imelegea na majimaji yanavujia miguuni, kwa hiyo dawa ya kukojosha haiugusi sana. Tiba yake ni kushusha dozi, na mara nyingi kuongeza dawa ya kundi lingine ambayo inausawazisha. Akanirudisha kwenye 5, akaongeza enalaprili.

Hapo nikapata kikohozi.

Kilianza baada ya wiki tatu hivi. Kikavu, kama unyoya umekwama kooni, kinachachamaa ukilala. Utingo wangu analala kitanda kilekile cha nyuma ya viti, na kijana wa watu hakulala. Nilinunua dawa za maji za kifua chupa nne. Nikanywa antibayotiki raundi mbili, ya pili ya bei kubwa kuliko mafuta ya kupikia ya mwezi. Wiki ya saba utingo akaniambia, macho chini, "Mzee, mama amesema nisirudi kwenye gari mpaka upime." Hakutaja neno TB. Madereva wa masafa marefu tunajua tunavyotazamwa. Nilipima makohozi, na kuyapata tu ilikuwa kazi kwa kuwa kikohozi chenyewe hakitoi kitu. Majibu safi. Nikafurahi siku moja, usiku nikakohoa tena.

Aliyenitoa ni mfamasia mmoja wa Makambako. Nilikuwa nimeingia kununua chupa ya tano. Akauliza, "Baba, una presha?" Nikaguna. "Kuna dawa yako ambayo jina linaishia na prili?"

Kaptoprili, enalaprili, lisinoprili: ukoo mzima, alisema, unaweza kuleta kikohozi kikavu, na dawa ya kifua haikigusi. Akaniambia nisiiache kienyeji, nimpigie daktari wangu. Nilimpigia nikiwa nimesimama palepale kaunta. Nikabadilishiwa losatani, inayofanya kazi ya jirani bila kugusa kile kinachochokoza koo. Kikohozi kiliondoka polepole, kama wiki tatu. Baadaye nilisimuliwa kwamba kaptoprili, ya kwanza ya ukoo huo ya kumeza, ilitokana na uchunguzi wa sumu ya nyoka wa Brazili aitwaye jararaca. Nilicheka sana. Nyoka wa Brazili amenikohoza miezi miwili na kunikimbizia utingo.

Alinifundisha mfamasia huyohuyo kusoma majina kwa mkia. Zinazoishia na prili, chunga kikohozi, na ukiona midomo au ulimi unavimba, hiyo haisubiri asubuhi, kimbia hospitali. Zinazoishia na satani ni za jamaa ya losatani. Dipini, chunga miguu. Ololi, kama atenololi na propranololi, usizikate ghafla, na mwenye pumu aseme kabla hajaandikiwa. Mkia huo nilikuja kuuhitaji nyumbani. Shemeji, yule niliyekataliwa kumchangia damu, alipata ujauzito mwingine na safari hii presha ikampanda. Mke wangu, kwa wema wake, alishachomoa vidonge vyangu vinne vya losatani amfungie kwenye karatasi. Nilimzuia kwa sauti ambayo sijawahi kuitumia ndani ya nyumba ile. Prili na satani zinaweza kumdhuru mtoto tumboni. Kliniki walimpa methildopa na alijifungua salama.

Sasa ungedhani mtu aliyepitia hayo amekuwa mwerevu. Mwaka wa tatu presha ilikwama kwenye 156/96 na safari hii nilikuwa nakunywa kweli. Daktari akauliza tena, nikaapa. Akaniambia, "Taja kila kitu unachoweka mdomoni, hata kama si dawa." Nikataja kahawa. Nikataja mlonge anaochemsha mke wangu. Nikataja vile vinywaji vya kopo vya kukesha, akaandika. Nikanyamaza. "Na mgongo?" akauliza, maana aliona nimekaa upande. Ndiyo, mgongo. Diklofenaki, asubuhi na jioni, miaka. Dereva gani hana diklofenaki kwenye droo? Kwangu haikuwa dawa, ilikuwa kama chumvi.

Diklofenaki na ndugu yake ibuprofeni zinazuia mwili kutoa chumvi na maji, presha inapanda na dawa inazidiwa nguvu. Ukizichanganya na losatani, figo zinabanwa kutoka pande mbili. Ukiongeza na dawa ya kukojosha juu yake ni hatari zaidi. Kreatinini yangu, ule uchafu wa damu ambao figo zinapaswa kuutoa, ilikuwa 138, juu ya kikomo cha karatasi yao. Nililala siku tatu nikiwaza mashine ya kusafisha damu. Niliacha diklofenaki, nikabaki na parasetamoli siku za mateso, nikanunua mto mgumu wa kiti na kujifunza kunyoosha mgongo kila ninapopaki, huku vijana wakinicheka. Makopo nayo niliyaacha. Baada ya wiki sita kreatinini ilirudi 101 na presha 136/84. Hakuna kidonge kilichoongezwa.

Kosa dogo la kuchekesha niliongeze hapa. Tumekwama foleni ya mpakani siku sita, amlodipini ikaisha, nikavuka nikanunua boksi lenye jina nisilolijua. Niliporudi nyumbani nikaendelea na la zamani na lile jipya pamoja, nikidhani ni dawa mbili. Miguu ikavimba tena. Jina kubwa la juu ni la kiwanda. Jina la dawa lenyewe mara nyingi ni lile la herufi ndogo chini yake. Sasa nabeba ya siku ishirini kwa safari ya siku kumi, ndani ya begi la nguo chini ya kitanda. Zamani nilikuwa naweka juu ya dashibodi, ambapo jua la Ruaha Mbuyuni linaweza kukaanga yai, na boksi limeandika wazi isizidi nyuzi 30.

Kuhusu pesa. Tajiri hatukatii bima, nalipa taslimu. Amlodipini ya mwezi kwenye famasi yangu ni shilingi 6,000, losatani 10,500. Vipimo vya figo na potasiamu mara mbili kwa mwaka, kila mara kama 30,000. Mashine ya kupimia ya mkono wa juu niliinunua 85,000, baada ya kupoteza 40,000 kwenye ile ya kifundo cha mkono iliyonipa namba tatu tofauti ndani ya dakika tano. Ukijumlisha chupa za kifua, antibiotiki, furosemidi na siku za kazi zilizopotea, ujinga wangu umenila mara nyingi zaidi ya dawa.

Na kupima kwenyewe kuna adabu yake. Nilikuwa napima nikishuka tu kwenye gari, kibofu kimejaa, mguu juu ya mguu, naongea na simu, halafu naogopa namba. Unakojoa kwanza. Unakaa dakika tano, mgongo umeegemea, nyayo chini, mkono uko usawa wa moyo, kitambaa kwenye ngozi si juu ya shati, na mdomo umefungwa. Pima mara mbili, andika. Daktari wangu ananisikiliza zaidi nikija na daftari kuliko nikija na viapo.

Saa nilichagua mwenyewe. Vijiweni watu wanabishana asubuhi au usiku, lakini utafiti wa Uingereza uliotoka mwaka 2022, wenye washiriki zaidi ya 21,000, haukuona tofauti ya mshtuko wa moyo wala kiharusi kati ya wanaomeza asubuhi na wanaomeza jioni. Kwangu ni saa mbili usiku, gari limepaki, jiwe liko kwenye tairi. Na tajiri? Nilimwambia mwaka jana, nikiwa na daftari mkononi. Alipekua kurasa, akaniuliza mashine ile nilinunua wapi, maana na yeye anasikia kichwa kizito siku hizi.

Wiki iliyopita nilikuwa Wenda, foleni ya mizani imefika mbali, saa mbili hiyo inakaribia. Dereva kijana wa gari la mbele akanikuta nafungua paketi. "Suka, nigawie kimoja. Kichwa kinanigonga tangu Mbeya, hii lazima presha." Nikamkalisha kwenye ngazi ya gari, nikamzuia kuongea dakika tano nzima, jambo lililomtesa kuliko kichwa, kisha nikamfunga kitambaa. 118/76.

"Umelala saa ngapi jana?" nikamuuliza.

Akafikiria. "Jana ipi?"

Nikarudisha paketi yangu kwenye begi, nikampa chupa ya maji.